Kifumbu cha Kuchujia Moshi

Mtaani Vikokotoni, ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, wanawake hawakuhitaji saa ya ukutani. Kila siku, watu wakishamaliza kusali alfajiri, kilisikika kikohozi kikubwa kutoka ubavuni mwa nyumba ya Bwana Khelef Darwesh: kho, kho, kho, paa! Hapo kila aliyekuwa na nguo kwenye kamba alitoka mbio kwenda kuzianua.

"Bi Harusi kaamka!" watoto walipiga kelele. "Jamani, Bi Harusi kaamka!"

Bi Harusi hakuwa mtu. Lilikuwa gari la abiria lenye bodi la mbao, mabenchi ndani na mapazia ya turubai ubavuni. Lilikwenda Jambiani asubuhi na kurudi mjini alasiri. Lilipokuwa jipya lilipakwa rangi nyeupe, na safari yake ya kwanza lilimchukua bibi harusi wa Kitogani. Jina likaganda hapo. Lakini hayo yalikuwa mambo ya zamani. Sasa, miaka michache baada ya Mapinduzi, wakati nyumba ndefu za Michenzani zikijengwa, Bi Harusi alikuwa ajuza. Weupe wake ulifanana na maji yaliyooshewa vyombo, na mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya usumba, ile ya nyuzi za makumbi ya nazi.

Na moshi wake! Ulikuwa mweusi, mzito na mkaidi. Haukupanda juu kama moshi wa magari mengine. Ulitambaa chini, ukapinda kona, ukaingia madirishani mwa watu bila kupiga hodi. Abiria waliopanda Darajani na kanzu nyeupe walishuka Jambiani na kanzu za kijivu. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyesafiri na gari hilo kila Jumatatu. Yeye alivaa koti la mvua hata jua likiwa kali.

Bahiya, binti wa Bwana Khelef, alikuwa darasa la sita. Alilala chumba kimoja na mdogo wake Ame, na dirisha la chumba hicho lilitazama pale pale gari lilipolazwa. Baba yao aliamini kwamba injini ni kama mtu mzima, haifai kuitia kazini ikiwa na usingizi. Basi aliiwasha, akaiacha ingurume, akaketi barazani kunywa chai yake na mkate wa kumimina taratibu. Bahiya alikuwa akiziba mianya ya dirisha kwa kanga kuukuu. Moshi uliingia vivyo hivyo, na Ame akaamka akikohoa.

"Kho, kho," lilisema gari nje.

"Kho, kho," alijibu Ame ndani.

Bwana Khelef alimpenda sana mwanawe, na kikohozi kile kilimuumiza. Akakitafutia dawa kwa njia yake.

"Ni hizo barafu za mabungo," alisema. "Kuanzia leo, marufuku."

Ame akaacha barafu, kikohozi kikabaki. Ukapigwa marufuku ubuyu. Zikapigwa marufuku embe mbichi. Kukapigwa marufuku kuoga pwani, kisha kukimbia, kisha kucheka kwa sauti.

"Baba," aliuliza Ame siku moja, machozi yakimlengalenga, "mimi nimebakishiwa nini?"

"Umebakishiwa uji," alijibu baba yake kwa huruma.

Mama yao, Bi Hamda, alimpeleka Ame hospitali. Daktari alimwekea kifaa chake kifuani, akasikiliza, akasema: "Mtoto huyu anavuta moshi kila siku. Mwekeni mbali na moshi, kifua kitapona. Mkiacha hivi hivi, atakua na kifua kibovu."

Bi Hamda aliporudi na habari hiyo, Bwana Khelef alishtuka kweli kweli. Alisimama pale pale, akakunja mikono ya kanzu, akalichukua jiko la mkaa la mkewe akalitoa jikoni mpaka uani, karibu na banda la kuku.

"Upikie huku," alisema. "Moshi wa jiko unatuulia mtoto."

Bi Hamda alimtazama mumewe, akalitazama jiko, akalitazama gari lililosimama nje ya ukuta. "Khelef," alisema polepole, "jiko langu linatoa moshi wa kikombe. Wewe una moshi wa pipa, na huo huuoni?"

"Usimseme Bi Harusi kwa sauti," alisema Bwana Khelef. "Anasikia."

Bahiya alisikia yote hayo. Alikuwa mtoto wa kutazama kabla ya kusema.

Ndipo siku moja ya likizo Bakar alipokuja mbio. Bakar alikuwa utingo wa Bi Harusi, mtu mzima mwenye masharubu na maneno mengi. Alikuwa ametoka kusikiliza redio kwenye mkahawa wa Darajani.

"Bwana Khelef! Mambo yameharibika! Serikali inaleta magari mapya ya abiria, yako melini. Magari makuukuu yote yapelekwe Mnazi Mmoja kesho kutwa yakakaguliwe. Linalotoa moshi mbaya halirudi barabarani!"

"Na madereva wake?" aliuliza Bi Hamda upesi.

"Dereva atakayelipeleka gari lake akasema mwenyewe kwamba limechoka, atafundishwa kuendesha jipya. Atakayeficha ubovu, anapokonywa leseni."

"Alhamdulillahi!" Bi Hamda alipiga makofi. "Mlango umefunguka. Nenda kaseme limechoka."

"Nani kachoka?" Bwana Khelef alifoka. "Bi Harusi? Bi Harusi hajachoka. Amepumzika kidogo."

Akatoka nje. Baadaye Bahiya alimpelekea maji ya kuoshea gari, akamkuta baba yake ameegemea usukani, hafanyi chochote.

"Baba, kwani magari mapya yana ubaya gani?"

Bwana Khelef aliupapasa usukani, pale mahali mkono wake ulipokuwa umepalainisha. "Hili nnalijua, mwanangu. Likitaka kuzima, nnajua kabla yake. Jipya lina vidude vya kubonyeza na vya kuvuta, na maandishi ya watu wengine. Wakinikalisha mbele ya vijana nikashindwa kulitoa hata hapo uwanjani, nitauweka wapi uso wangu?"

Bahiya hakuwahi kumsikia baba yake akiogopa kitu. Alitaka kumwambia neno la kumtuliza, lakini kabla hajalipata Ame alikohoa dirishani, na Bwana Khelef akaanza kusugua bodi la gari kwa nguvu kama aliyetumwa.

Siku iliyofuata Bakar na Bwana Khelef walikaa uani kutafuta la kufanya. Bi Hamda alikuwa kando yao, anakamua tui. Alitia nazi iliyokunwa ndani ya kifumbu, ule mfuko wa ukindu uliosukwa, akamimina maji, akakisokota. Tui likashuka jeupe bakulini. Machicha yakabaki ndani.

Bakar alikitumbulia macho kifumbu kile. Masharubu yakaanza kumcheza.

"Bwana Khelef," alinong'ona, "umeona?"

"Nimeona mke wangu anakamua tui."

"Tazama tena, yakhe. Machicha yanabaki ndani, kizuri kinatoka nje. Moshi nao si una machicha yake? Ule weusi! Tukifunga kifumbu kwenye bomba la moshi, weusi utanasa ndani, na nje utatoka moshi mweupe kama tui la kwanza!"

Kuku mmoja aliinua kichwa akamtazama Bakar.

"Bakar," alisema Bwana Khelef hatimaye, "wewe ulipotea bure. Ulistahili kuwa waziri."

"Kifumbu changu hakitoki hapa," alisema Bi Hamda bila kugeuka.

Lakini asubuhi ya ukaguzi, alipokwenda kukitafuta, alikuta msumari mtupu ukutani.

Bwana Khelef alimchukua na Bahiya. "Utakaa mbele na mimi," alisema. "Mkaguzi akimwona mtoto, moyo humlainika."

Walipokaribia Mnazi Mmoja walisimama pembeni. Bakar alishuka, akakijaza kifumbu usumba uliorowekwa maji, akakisukuma ndani ya bomba la moshi, akakifunga kwa kamba mafundo juu ya mafundo. Injini ilikuwa ikinguruma. Bahiya alichungulia nyuma. Maajabu! Hapakuwa na moshi hata kidogo.

"Sasa sikiliza," baba yake alimwambia. "Mkaguzi akikuuliza, mwambie gari letu halina moshi."

"Lakini Baba, moshi upo."

"Unauona?"

"Siuoni."

"Basi. Kusema hakipo kitu usichokiona ni uongo?"

Bahiya alifikiri. Maneno yalikuwa yamenyooka, lakini kuna mahali yalipinda, na hakuweza kuweka kidole pale yalipopindia. Tena kitu kimoja kilimtia wasiwasi. Sakafu ya Bi Harusi ilikuwa na nyufa, na kupitia nyufa hizo vifundo vya miguu yake vilikuwa vinapata joto.

Uwanjani magari yalikuwa yamepangwa mstari, na kila moja lilikuwa na aibu yake. Moja lilikuwa linasukumwa na abiria wake wenyewe. Jingine lilikuwa limezima, na dereva wake analibembeleza kwa majina ya mapenzi. Mkaguzi aliitwa Bwana Shamsi. Alikuwa mfupi, mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo, na msaidizi wake alimfuata nyuma na rundo la vitambaa vyeupe. Kazi yake ilikuwa rahisi. Alishika kitambaa nyuma ya bomba la moshi, injini ikavutwa, kisha akakitazama. Kitambaa cha gari lililokuwa mbele ya Bi Harusi kilitoka cheusi kama sufuria ya shughuli.

"Hili lisimame kule," alisema Bwana Shamsi kwa sauti yake ndogo. "Dereva, ulijua?"

"Nilijua, bwana mkubwa," alisema dereva yule, akikuna kichwa. "Limechoka. Hata mimi limenichosha."

"Ahsante kwa kweli yako. Nenda kwa yule bwana, akuandike kwa mafunzo."

Dereva yule aliondoka anacheka, na Bwana Khelef akamfuata kwa macho mpaka mwisho wa uwanja. Bahiya aliona midomo ya baba yake inataka kusema kitu. Haikusema.

Zamu yao ikafika. Bwana Shamsi alimzunguka Bi Harusi, akasoma mikunjo yake yote, akaigusa kamba ya mlango wa nyuma, akatikisa kichwa. Akachukua kitambaa.

"Vuta mafuta!"

Bwana Khelef alikanyaga kidogo, kwa adabu. Injini ikanguruma. Bwana Shamsi akakitazama kitambaa chake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akakitazama tena. Cheupe pe.

"Ajabu!" alisema. "Nimekagua magari mengi sana, sijapata kuona gari kuukuu kama hili lisilotoa moshi. Dereva, unalitunza vipi?"

"Kwa mapenzi tu, bwana mkubwa," alisema Bwana Khelef, shingo imemrefuka.

"Na kwa mapishi mazuri," alidakia Bakar.

"Basi halina haja ya kuondoka barabarani. Lirudi kazini. Litawatumikia watu miaka mingi mingine." Bwana Shamsi akatoa muhuri wake, akaupulizia pumzi. Kisha akamwona Bahiya, akatabasamu. "Nawe, binti, umeridhika na gari la baba?"

Miaka mingi mingine. Bahiya aliyasikia maneno hayo, akamwona Ame na bakuli lake la uji, akikohoa alfajiri zote za miaka hiyo. Akamtazama baba yake. Baba yake alimtikisia kichwa, ule mtikiso mdogo wa kumwambia sema ndiyo, yaishe. Neno lenyewe lilikuwa jepesi sana. Lingemfanya kila mtu afurahi, isipokuwa mmoja aliyekuwa kitandani Vikokotoni.

"Shikamoo," alisema Bahiya kwanza, maana hakuwa ameamkia.

"Marahaba, mwanangu."

"Moshi upo, bwana. Umefungiwa ndani. Kila siku unaingia chumbani kwetu, na mdogo wangu anaumwa kifua kwa ajili yake."

Msaidizi aliacha kutafuna karanga. Bwana Khelef alifumba macho. Leseni yake ilikuwa mfukoni, na mkono wake ulikwenda pale wenyewe, kama wa mtu anayejiuliza kama pochi yake bado ipo.

Bakar ndiye aliyeruka. "Mtoto huyu anaota! Ana usingizi! Moshi gani? Gari hili halina moshi hata wa sigara! Haya, mimi hapa!" Akaenda akachuchumaa nyuma ya bomba la moshi, akaliwekea uso wake kabisa. "Bwana Khelef, vuta mafuta! Vuta mpaka mwisho, waone!"

"Bakar, toka hapo," alisema Bwana Khelef.

"Vuta, yakhe! Unaogopa nini?"

Bwana Khelef hakuvuta. Lakini Bi Harusi alikuwa amevumilia vya kutosha. Gari lilikohoa mara moja kwa ndani, likatetemeka toka taa mpaka mlango wa nyuma, sakafu ikafuka moshi kama kuna biriani inapikwa chini yake, halafu...

PAA!

Kunguru wote wa Mnazi Mmoja waliruka. Bahiya alitoka mlangoni mbio, anakohoa. Wingu jeusi lilipotawanyika, Bakar alikuwa ameketi chini, miguu mbele. Kifumbu kilikuwa kimemwingia kichwani mpaka masikioni, kama kofia aliyoshonewa. Uso wake wote ulikuwa mweusi. Yalionekana macho mawili tu, na ncha za masharubu zenye usumba.

Uwanja mzima ulicheka. Dereva wa gari lililozima alicheka mpaka akalilalia gari lake, nalo likawaka.

Bwana Shamsi hakucheka, ingawa miwani yake ilikuwa inatikisika. "Hiki ni nini?"

"Kiota," alijibu Bakar kutoka ndani ya kifumbu. "Kunguru, bwana mkubwa. Wanajenga popote siku hizi."

"Kunguru wanaofunga kamba ya usumba mafundo juu ya mafundo?"

"Wapo waliosoma."

"Bakar, nyamaza," alisema Bwana Khelef. Akashuka garini. Alimtazama binti yake, aliyesimama na miguu imejaa masizi na machozi yanamtoka kwa moshi na kwa hofu. Akaitoa leseni mfukoni, akamnyooshea mkaguzi. "Si kunguru. Ni mimi. Kifumbu ni cha mke wangu, nimekichukua bila ruhusa yake. Gari limechoka zamani, nami nilijua zamani. Niliogopa magari mapya, bwana. Niliogopa nitashindwa, nichekwe."

"Sasa umechekwa," alisema Bwana Shamsi.

Bwana Khelef akatazama huku na huku. Watu walikuwa bado wamejishika mbavu. "Ndiyo," alisema, kama mtu aliyeoga maji baridi akaona kumbe hayaui. "Nimechekwa."

Bwana Shamsi aliishika leseni, akaigeuza, akafikiri sana. "Sheria inaniambia nikae nayo. Ungesema baada ya mimi kukubana, ningekaa nayo. Lakini binti yako kasema kabla kitu hakijaruka, nawe umesema mwenzako alipokuwa anakupa uongo wa kujifunika. Gari halitoki hapa. Wewe utaingia mafunzoni wa mwisho kabisa, baada ya wote waliosema kweli tangu mwanzo. Mpaka siku hiyo huendeshi hata mkokoteni."

"Nimekubali, bwana."

"Na yule?" msaidizi aliuliza, akimwonyesha Bakar.

"Yule," alisema Bwana Shamsi, "apelekwe kwenye bomba la maji akanawe, tujue kama ni mtu."

Walirudi Vikokotoni kwa miguu. Bwana Khelef alitangulia. Bahiya alifuata na kifumbu mkononi, moyo wake mzito kuliko miguu. Bi Hamda aliwapokea mlangoni. Alitazama kifumbu, akamtazama mumewe.

"Binti yako kaniumbua mbele za watu," alisema Bwana Khelef.

"Kasema uongo?"

"La."

"Basi hakukuumbua yeye," alisema Bi Hamda. "Haya, ingieni mle. Leo ni wali mkavu, nazi sikuwa na cha kukamulia."

Siku chache zilizofuata zilikuwa ngumu. Bwana Khelef alikuwa akiamka alfajiri kwa mazoea, anakaa barazani na chai yake, na hana pa kwenda. Hakumgombeza Bahiya, lakini hakuzungumza naye pia, na Bahiya aliona bora angegombezwa. Alimwandalia chai, akamwamkia, akaitikiwa, basi.

Asubuhi moja alimkuta baba yake ameinamisha kichwa upande wa dirisha lao, kama mtu anayetega sikio.

"Kuna nini, Baba?"

"Sss. Sikiliza."

Bahiya akasikiliza. Alisikia jogoo wa jirani, na mtu anafagia. "Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo," alisema Bwana Khelef. "Ame yuko ndani kalala, na sisikii kitu." Akakaa na bakuli la chai mkononi mpaka ikapoa. Halafu akasogea, akampisha Bahiya nafasi ya kuketi kando yake, akamkatia mkate mkubwa zaidi.

Mafunzo yalipofika zamu yake, Bwana Khelef alikwenda amevaa kanzu ya Idi. Vidude vilikuwa vingi kweli. Siku ya kwanza alitaka kuwasha taa, wipa zikafuta kioo kikavu. Siku ya pili alitaka kupiga honi, mlango ukafunguka. Vijana walicheka, naye akacheka pamoja nao, maana ya kuchekwa alikwisha kuyazoea. Jioni alikuwa akimwomba Bahiya amchoree vidude vyote kwa chaki sakafuni, akaketi mbele ya mchoro ule na sahani mkononi kuwa usukani, anabonyeza kwa vidole vya miguu. Ame alikuwa abiria. Bwana Khelef alifaulu, wa mwisho kuingia, lakini si wa mwisho kwa alama.

Safari ya kwanza ya gari jipya kwenda Jambiani, Bwana Khelef aliwachukua Bahiya na Ame. Bakar, amenyolewa masharubu yaliyoungua, alisimama mlangoni kama balozi. Gari lilikwenda laini, na nyuma yake barabara ilibaki inaonekana, miti na watu, mpaka Tunguu, mpaka Kitogani.

Lakini walipofika Jambiani wakasimama mahali pao pa siku zote, hakuja mtu. Wakangoja. Kituo kitupu. Bakar akashuka, akaingia kijijini akipiga kelele, na mwisho akarudi na Bi Mwanakhamis, bibi wa makamo mwenye pakacha la samaki, na watu wengine nyuma yake.

"Mmekuja lini?" Bi Mwanakhamis aliuliza kwa hasira. "Sisi tumekaa tunangoja kusikia kikohozi na kunusa moshi tujue gari limefika. Mnakuja kimya kama wezi!" Akalizunguka gari, akainama, akachungulia chini. "Hebu niambieni kweli. Hili lina injini, au mmelisukuma toka mjini?"

"Lina injini, Bi Mwanakhamis. Panda."

"Na Bi Harusi wako yuko wapi? Ulikuwa ukiapa utazikwa naye."

Abiria walicheka, wakapanda, wakapangusa viti kwa mazoea na kuona mikono yao haina masizi. Bwana Khelef hakuwasha injini mara moja. Aligeuka kwenye kiti chake, akamwekea mkono Bahiya begani.

"Nitakwambieni, maana nyote mmeuvuta moshi wangu, na mnastahili kujua," alisema. "Nilidhani nalipenda lile gari. Kumbe nilikuwa naficha woga wangu, na watu wengine wanaulipia kwa vifua vyao. Mwanangu huyu mdogo aliumwa, nikamkataza kila kitu isipokuwa kile kilichomuumiza. Nikauziba moshi nyuma, ukatokea chini ya miguu ya binti yangu. Kosa ndivyo lilivyo: ukiliziba usilione wewe, linatoka kwa mwenzako. Binti yangu alisema kweli siku ambayo uongo ungetufurahisha sote, na mimi nikamnunia, mpaka niliposikia mdogo wake analala bila kukohoa. Basi, watoto mliomo humu, mkiona baya linafichwa, lisemeni kwa adabu, hata kama mwenye kulificha ni mkubwa. Na sisi wakubwa, tukiambiwa, tusinune."

Bahiya aliinamisha uso, anatabasamu kwenye mapaja yake.

"Maneno mazuri, mwanangu, Mungu akuzidishie," alisema Bi Mwanakhamis kutoka nyuma. "Lakini washa gari. Na samaki wangu nao wanataka kusema kweli, na wakianza wao, mtatamani moshi."